Fedha za watoto zisiende kwenye kangomba

SWALI: Shikamoo mama. Asasi yetu inahudumia watoto wenye ulemavu. Mfadhili ametuachia shilingi milioni 60 kwa sharti kwamba mtaji usiguswe, tutumie faida tu. Mhazini anashauri tununue korosho kwa wakulima kipindi cha njaa, tuje kuuza msimu ukifunguliwa. Anasema fedha zitarudi mara mbili. Tufanyeje?
Katibu, Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhazini wako hesabu anaijua, ila biashara hiyo hapa kwetu Mtwara ni kangomba, na imepigwa marufuku. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba kwanza. Wenye magunia yasiyo na shamba wanakumbuka.

Hata ingekuwa halali ningekukatalia. Anayeuza korosho ingali mtini ni nani, kama si mama wa mtoto huyohuyo mnayemnunulia kiti mwendo? Mfuko utashiba kwa njaa ya wenyewe.

Nunueni hatifungani za Serikali, yaani mnaikopesha Serikali nayo inawalipa riba. Riba huingia kila miezi sita, na benki au dalali wa soko la hisa atawaelekeza. Kiasi kidogo cha dharura kiwekeni Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja; humo fedha hutoka upesi mkizihitaji. Mkitaka fedha zenu zijenge kitu cha kuonekana, ulizeni dalali kama kuna anayeuza hatifungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyotolewa 2024 kwa riba ya asilimia 13.5. Msitie zote humo. Kupata mnunuzi mkiwa na haraka si rahisi.

Sasa matumizi. Tuseme mwaka umewapa asilimia 12, yaani milioni 7.2. Msizile zote! Bei zikipanda kwa asilimia 4, milioni 2.4 zirudi kwenye mtaji, la sivyo milioni 60 zitabaki kwenye karatasi huku viti mwendo vikizidi kuwashinda bei. Wekeni akiba tena ya mwaka ambao riba itashuka. Mimi ningetumia milioni tatu na nusu, basi.

Jambo moja limenikera kwenye barua yako: mhazini anashauri, wazazi je? Kamati ya mfuko iwe na akina mama wawili na mtu mzima mwenye ulemavu, wote wenye kura, si wa kupiga makofi. Kikao kisifanyike ghorofani. Taarifa ya fedha isomwe kwa sauti mkutanoni, maana si kila mzazi anasoma. Na benki iwekeni sahihi tatu, mojawapo ya mzazi. Mhazini akinuna, mwacheni anune.