Picha ya ndovu wa Hannibal kwenye skrini

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha uliyoinasa ndani ya mchezo wa kompyuta wa Rome: Total War imeingia ukungu ulipoiweka kuwa mandhari ya skrini yako mpya, na kama inafaa kuiandika "Cannae", jina la vita vya Italia ambavyo Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwashinda Warumi. Mchezo huo ulitoka mwaka 2004, na ukiucheza kwa pikseli (vitone vinavyounda picha) 1024 kwa 768, picha unayoipata haifikii hata nusu ya pikseli za skrini ya 1920 kwa 1080. Tena umbo lake ni la 4 kwa 3, kwa hivyo kompyuta inapoivuta ienee pande zote, askari na farasi hunenepa. Usiivute, bali ikate juu na chini, au uinase upya katika toleo lililoboreshwa la mwaka 2021, ambalo linakubali vipimo vya skrini za leo.

Kuhusu jina, naomba ulibadilishe. Picha yako imejaa ndovu, nasi tunaopita chini ya sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue hapa Mombasa tunawapenda sana, lakini Hannibal hakuwapanga ndovu vitani Cannae mwaka 216 KK, kwa kuwa karibu wote walikuwa wamekwisha kufa Italia. Vita vya ndovu wengi ni Zama, Afrika Kaskazini, mwaka 202 KK, ambako Scipio, jemadari wa Warumi, aliacha njia wazi kati ya vikosi vyake ili wanyama hao wapite bila kuvunja safu. Ukiinasa picha kutoka juu kwa mshazari, njia hizo ndizo zitakazopendeza, na aikoni zako zitakaa vizuri upande wa anga.