Ukianza kujifunza chai za Yunnan, liache kwanza jina la mlima

Nimekulia Mufindi, na kwetu mchai ni kichaka cha kufika kiunoni. Nilipopelekwa mara ya kwanza mlima Nannuo, kusini mwa mkoa wa Yunnan huko China, nikamwona mama mmoja juu ya mti, nilidhani anachuma matunda. Kumbe chai! Ni ileile ya jani pana, jamaa ya hii yetu, ila huko iliachwa ikawa mti. Nawaandikia mnaoingia sasa kwenye kazi ya kuonja na kuuza pu'er, chai ya Yunnan inayotengenezwa kwa majani hayo, maana mimi ada nimeshalipa.

Mtapewa orodha ya milima ya chai. Mto Lancang, ambao mbele huko unaitwa Mekong, ndio mpaka: mashariki yake iko milima sita ya kale, yaani Youle, Gedeng, Mangzhi, Yibang, Manzhuan na Yiwu. Magharibi kuna Nannuo, Bulang na wenzake, pamoja na Jingmai, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023. Niliikariri yote kama mtihani wa darasa la saba, na mbele ya kikombe haikunifaa kitu.

Chukua chai mbili tu: ya Yiwu, na ya Lao Banzhang, kijiji cha mlima Bulang. Ya pili ni ghali mno, kwa hiyo omba kuonjeshwa na mtu unayemwamini, au tumia ya kijiji kingine cha Bulang. Weka gramu 7 kwenye kikombe chenye mfuniko cha mililita 120 hivi, mimina maji yanayotokota, ya kwanza mwaga, kisha kila mara subiri sekunde chache tu. Yiwu huingia taratibu, laini, na utamu wake uko mbele. Ile ya Bulang hukupiga kwa uchungu, halafu uchungu unaachia na utamu unapanda kutoka kooni. Hapa wageni wengi hukosea: wanachanganya uchungu na ukakasi. Uchungu ni mwarobaini. Ukakasi ni bibo, ule unaokausha ulimi. Chai nzuri yaweza kuwa chungu sana. Ukakasi usioondoka ndio wa kutilia shaka.

Hayo yote yafanye kwa pu'er mbichi. Iliyoivishwa, kwa ile njia ya kurundika majani, kuyalowesha na kuyafunika iliyoanza Kunming mwaka 1973, ni tamu kwa kazi yake (mimi hunywa baada ya pilau), lakini mrundiko hufuta sehemu kubwa ya sauti ya mlima.

Sasa karatasi, ile ya kufungia chai, yenye jina la mahali ilikotoka. Chai hushindiliwa ikawa duara kama chapati nene, kwa kawaida gramu 357, na saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. Nilinunua moja yenye jina la Lao Banzhang kwa pesa ya kodi ya mwezi. Kwa nini sikujiuliza kijiji kimoja kingejazaje maduka yote yale? Baada ya kuinywa, nilipoyamwaga majani yake kwenye sahani, yalikuwa ya rangi tatu, mengine vipandevipande.

Siku hizi naomba majani yaliyokwisha kunywewa kabla sijauliza bei. Hayathibitishi mlima, lakini mchanganyiko huonekana. Muuzaji akisema ameshayatupa, namwomba achemshe tena.