Mafaili Yanayokataa Kutoka Katika Pipa la Taka

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninaendesha duka dogo la steshenari mjini Morogoro, ambako wateja huleta flashi zao ili niwachapie barua, vyeti na nakala za vitambulisho. Kila jioni huyafuta mafaili yao na kulisafisha pipa la taka la kompyuta, lakini hii ni wiki ya tatu sasa kuna folda mbili na video moja ambazo zinakataa kabisa kutoka. Nikijaribu kuzifuta naambiwa kwamba faili linatumiwa na programu nyingine, na nikirudia naambiwa kwamba sina ruhusa. Kompyuta ni ya mtumba, inatumia Windows 10, na diski yake imekaribia kujaa. Fundi mmoja amenishauri apige Windows upya. Je, hakuna njia nyingine? Na nikifanikiwa, nitajuaje kwamba nyaraka za watu zimetoweka kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuzijali nyaraka za wateja wako, kwa sababu cheti cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho ikibaki katika kompyuta ya dukani inaweza kumfikia mtu asiyestahili kuiona. Tafadhali usikubali bado kupigiwa Windows upya. Hiyo ni kazi kubwa mno kwa tatizo ambalo mara nyingi humalizika kwa dakika chache.

Kwanza ni vizuri ufahamu jinsi pipa hilo linavyofanya kazi. Unapofuta faili kwa njia ya kawaida, Windows hailiondoi katika diski, bali hulihamishia katika folda iliyofichwa iitwayo $Recycle.Bin, ambayo ipo katika kila diski ya ndani, na ambayo ndani yake kila mtumiaji wa kompyuta ana folda yake. Humo faili hupewa jina jipya na kuwa vitu viwili: kimoja, ambacho jina lake huanza na $I, hutunza kumbukumbu ya jina la awali, mahali lilipotoka na tarehe lilipofutwa, cha pili, kinachoanza na $R, ndicho chenye maudhui yenyewe. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, au diski ikianza kuchoka, kimojawapo kinaweza kuharibika, na hapo pipa likakuonyesha kitu lisichoweza kukiondoa.

Ujumbe wa kwanza uliouona, kwamba faili linatumiwa na programu nyingine, kwa kawaida ni wa kweli na haupaswi kupuuzwa. Video inaweza kuwa imeshikwa na programu ya kuichezesha iliyogoma kufungika, na folda inaweza kuwa imeshikwa na programu ya kuzuia virusi inayoendelea kuikagua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, tazama programu zinazoendelea, uzifunge zile unazozitambua, kisha ujaribu tena. Ikishindikana, iwashe kompyuta upya kwa kuchagua Restart. Ninasisitiza neno hilo kwa sababu katika Windows 10 nyingi, kuzima kwa kawaida na kuwasha tena hakuanzishi kila kitu upya: ili iwake haraka, mashine huhifadhi sehemu ya mfumo kama ilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Watu wengi huzima na kuwasha kompyuta mara tano wakidhani wameshajaribu dawa hii, kumbe bado.

Ikiwa folda zile mbili zina majina marefu, na ndani yake mna folda nyingine zenye majina marefu vilevile, huenda tatizo liko hapo. Programu nyingi za Windows hukwama pale anwani nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, inapopita herufi 260. Ukiwa ndani ya pipa huwezi kulifungua folda wala kulibadilisha jina. Kwa hiyo lirudishe kwanza lilikotoka, yape majina mafupi yaliyomo ndani yake, kisha ulifute kwa kushika Shift na kubonyeza Delete, njia ambayo haipitii pipa kabisa.

Ujumbe wa pili, wa ruhusa, haushangazi katika kompyuta ya mtumba, kwa kuwa vitu vingine huenda viliachwa na mwenye mashine wa zamani, na Windows bado inavihesabu kuwa mali yake. Hapa ndipo panapofaa kuliondoa pipa zima. Andika cmd katika sehemu ya kutafutia, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina litakalotokea, uchague kulifungua kama msimamizi, kisha uandike amri hii na kubonyeza Enter:

rd /s /q C:\$Recycle.Bin

Windows italitengeneza pipa jipya yenyewe. Kama vitu hivyo viko katika diski nyingine, badilisha herufi C. Lakini ninakusihi mambo mawili kabla hujabonyeza. Amri hii husafisha mapipa ya watumiaji wote wa diski hiyo bila kuuliza swali lolote, kwa hiyo hakikisha hakuna kitu cha mwenzako anachotaka kukirudisha. La pili ni kubwa zaidi: pasiwe na nafasi yoyote kati ya mkwaju (\) na alama ya dola ($). Ukiacha nafasi hapo, amri itasomeka kana kwamba unataka kufuta kila kilichomo katika diski C. Isome herufi kwa herufi, na ikiwezekana mtu mwingine aisome pia.

Ikiwa hata hivyo hakuna kilichobadilika, shuku diski yenyewe. Katika dirisha lilelile andika chkdsk C: /f, ukubali ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowashwa tena, na uiache imalize bila kuikatiza. Kabla ya hapo nakili kazi zako muhimu mahali pengine, maana diski inayoanza kufa haitabiriki.

Kuhusu swali lako la mwisho, kusafisha pipa peke yake hakutoshi kwa diski ya zamani inayozunguka. Windows huiandika tu nafasi ile kuwa iko wazi, na maudhui hubaki hadi yaandikwe juu yake mengine, ndiyo maana zipo programu za kuyafufua. Amri ya cipher /w:C:\ huijaza nafasi iliyo wazi mara tatu bila kuyagusa mafaili yaliyopo. Huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianzishe unapofunga duka. Kwa diski za SSD, yaani zile zisizozunguka, amri hiyo haina faida kubwa na huzichosha bure.

SWALI: Ninatumia Mac. Nimefuta kila kitu katika flashi yangu, lakini bado inaonyesha kwamba imejaa. Kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tofauti na Windows, ambayo kwa kawaida hufuta vya flashi moja kwa moja, Mac huvihifadhi katika folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, iitwayo .Trashes. Ukiichomoa flashi kabla ya kusafisha pipa, taka husafiri nayo. Ichomeke tena, usafishe pipa ikiwa bado imechomekwa, ndipo uitoe kwa utaratibu. Likiwepo faili lililofungwa linalokataa kutoka, shika kitufe cha Option unapochagua kusafisha pipa. Likigoma bado, lirudishe kutoka katika pipa, ufungue dirisha la maelezo yake kwa kubonyeza Command na I, uondoe alama ya kufuli, kisha ulifute upya.