Kuhamia Entra Connect mpya: jenga seva ya pili kwanza

Swali linanijia tena na tena: naweza kusakinisha toleo jipya juu ya Azure AD Connect ya zamani, nimalize leo leo? (Azure AD Connect ni jina la zamani la Entra Connect, programu inayosawazisha akaunti za Active Directory ya ofisini na za wingu la Microsoft.) Usifanye hivyo. Matoleo ya 1 yalistaafishwa tarehe 31 Agosti 2022, na toleo la 2 linataka Windows Server 2016 kwenda juu pamoja na TLS 1.2, itifaki ya kulinda mawasiliano. Seva nyingi za zamani hazifiki hapo. Na hata kama yako inafika, usakinishaji ukikwama katikati huna pa kurudi.

Andaa seva nyingine. Kwenye ile ya zamani, fungua Azure AD Connect na uhamishe mipangilio kwenye faili la JSON. Kama toleo lako halina chaguo hilo, toleo jipya linakuja na skripti ya MigrateSettings.ps1, inakili kwenye seva ya zamani uiendeshe huko. Faili hilo halibebi kila kitu. Ulichobadilisha kwa PowerShell au kwa mkono ndani ya Synchronization Service Manager, kiandike mwenyewe. Kanuni zako maalumu za usawazishaji ziwe na nambari ya kipaumbele iliyo chini ya 100. Aliyehariri kanuni za kiwandani badala ya kuzinakili ndiye atakayeumia hapa. Angalia pia sourceAnchor (sifa inayounganisha akaunti ya ofisini na ile ya wingu) ni objectGUID au ms-DS-ConsistencyGuid. Seva zote mbili zilingane.

Sakinisha seva mpya ikiwa katika staging mode. Katika hali hiyo inasoma na kukokotoa, lakini haipeleki chochote wala haisawazishi nywila. Iache imalize mzunguko kamili.

Sasa kaa chini usome kile ambacho seva mpya ingepeleka, maana kazi yenyewe ndiyo hii. Nenda kwenye folda ya Bin ya Microsoft Azure AD Sync uandike:

csexport "jina la konekta - AAD" %temp%\export.xml /f:x
CSExportAnalyzer %temp%\export.xml > %temp%\export.csv

Fungua CSV, uchuje safu ya OMODT, yaani aina ya badiliko kwa kila akaunti. Neno Delete likiwepo, simama. Mara nyingi ni OU (folda ya akaunti ndani ya Active Directory) iliyosahaulika kuwekewa tiki: watumiaji 300 wa kitengo kimoja wanasubiri kufutwa. Usitegemee kinga ya ufutaji kukuokoa, kwa sababu kikomo chake cha kawaida ni 500, na hao 300 watapita kimya kimya. Akaunti zilizofutwa hukaa siku 30 kabla ya kupotea kabisa, lakini watu watakuwa wameshafungiwa nje ya barua pepe zao. Add kwa wingi nayo ni dalili mbaya: huenda seva haiwatambui watu waliokwisha kuwepo. Safu ya AMODT itakuonyesha aina ya badiliko kwa kila sifa, kama vile proxyAddresses (anwani za barua pepe). Rekebisha, endesha Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Initial, usome upya hadi kila mstari uliobaki uwe na maelezo.

Siku ya kubadilishana, anza na seva ya zamani. Iingize staging mode, kisha hakikisha Get-ADSyncScheduler inaonyesha StagingModeEnabled ni True. Hapo ndipo uitoe mpya. Seva mbili zisipeleke data kwa wakati mmoja hata kwa dakika chache. Mwanya wa kutokuwa na hata moja hauna madhara makubwa, kwani mzunguko wenyewe huja kila dakika 30. Nywila zilizobadilishwa katikati zitapandishwa seva mpya ikishika kazi.

Kama mnatumia pass-through authentication (nywila hukaguliwa na Active Directory ya ofisini kupitia programu ndogo iitwayo wakala), wakala wa kwanza alisakinishwa pamoja na Azure AD Connect kwenye ile seva ya zamani. Sakinisha mawakala kwenye seva nyingine, uthibitishe kwamba wako hai, ndipo uizime. Ukiizima mapema na wakala akawa huyo mmoja tu, hakuna mtumiaji wa njia hiyo atakayeweza kuingia, hata kama usawazishaji umekwenda vizuri kabisa.