Titi likivimba ukinyonyesha, acha kulifinya

Wiki hii ameniandikia msomaji mwenye mtoto wa majuma matatu. Titi lake la kushoto limeota bonge gumu upande wa kwapa, na kila aliyemwona amempa amri ileile: kanda kwa maji ya moto, finya mpaka bonge lilainike, kamua mpaka titi liwe tupu. Ameyafanya yote. Sasa titi limevimba zaidi, anatetemeka kwa homa, na anauliza kama aache kunyonyesha.

Dada yangu, kunyonyesha usiache. Hayo mengine matatu yaache leo hii.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na kwa miaka mingi hata sisi tunaohudumia wanawake waliojifungua tuliutoa. Ulitokana na dhana kwamba kuna donge la maziwa limekwama mrijani na ni lazima lisukumwe litoke. Lakini mirija ya titi ni mingi, ni myembamba mno, na imefumana huku na huku. Mara nyingi kinachoizuia kupitisha maziwa ni nyama inayoizunguka, ambayo imevimba na kuibana kwa nje. Ukifinya, unaichubua nyama hiyo pamoja na mishipa midogo ya damu iliyomo. Uvimbe unaongezeka, mirija inabanwa zaidi, na kesho bonge ni kubwa kuliko jana. Mwaka 2022 Academy of Breastfeeding Medicine, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa unyonyeshaji, ilitoa mwongozo mpya unaokataza kufinya na kukamua kupita kiasi. Inaniuma kwamba bado akina mama wanafinywa mpaka wanalia, tena kwa upendo.

Kwa hiyo litibu titi kama unavyotibu uvimbe wowote: lipoze. Funga barafu kwenye kitambaa safi, usiiweke ngozi tupu, kisha ilaze juu ya sehemu inayouma kwa dakika 10 hadi 20. Rudia kila baada ya saa moja au zaidi, kadiri unavyopata nafuu. Maji ya moto huleta damu nyingi mahali pale na kwa wengi huzidisha uvimbe. Wapo wanaotulizwa na kitambaa cha uvuguvugu, nao sitawakataza, mradi wasidhani kwamba joto ndilo linalotibu.

Dawa za maumivu zinywe, usijikaze. Ibuprofeni ina kazi mbili, hutuliza maumivu na hupunguza uvimbe wenyewe: miligramu 400 kila baada ya saa 8, ukiwa umeshakula. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 8 inaweza kuongezwa juu yake. Zote mbili hazimdhuru mtoto anayenyonya.

Kuna namna ya kupapasa inayosaidia, na haifanani hata kidogo na kukanda. Lala chali. Kwa ncha za vidole, chora miduara midogo kama 10 juu ya mfupa wa mtulinga, pale unapokutana na shingo. Chora mingine 10 kwapani. Halafu pitisha vidole juu ya ngozi ya titi, ukitoka kwenye chuchu kwenda kwapani na kuelekea mtulinga, kwa wepesi uleule unaompapasa nao mtoto aliyesinzia. Unachosukuma ni maji ya uvimbe yaliyo chini ya ngozi. Ukihisi maumivu, umebonyeza mno.

Sasa kunyonyesha kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Mnyonyeshe mtoto anapotaka, kwa kiasi anachotaka, matiti yote mawili. Usimwamshe kila saa ili amalize titi linalouma, wala usifuatishe pampu baada ya kila mnyonyo. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotoka, kwa hiyo ukilikamua likauke unaliagiza lilete mengi zaidi, na mengi hayo yanaingia kwenye mirija ileile iliyobanwa. Nimewaona wengi wakizunguka kwenye mduara huo, bonge likipona leo na kurudi wiki ijayo, na chanzo ni pampu. Kama mtoto hayupo karibu au ananyonya kwa chupa, kamua kiasi anachokunywa yeye, basi. Kagua na faneli ya pampu, yaani kikombe kinachofunika chuchu: chuchu iteleze ndani yake bila kusuguliwa, na weusi unaoizunguka usivutwe mwingi kuingia. Faneli isiyokutosha huumiza chuchu na kuchochea uvimbe.

Ikitokea sehemu inayozunguka chuchu imekuwa ngumu hata mtoto anateleza, zungushia ncha za vidole kwenye shina la chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani na ushikilie kama dakika moja. Maji ya uvimbe yatarudi nyuma kidogo, pale patalainika, na mtoto ataweza kushika. Mdomo wake uwe wazi sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umejikunja kwa nje. Asipotaka titi hilo siku moja mbili, usishtuke. Maziwa ya titi lililovimba huwa na chumvi zaidi na hupungua kidogo, kisha hurudi.

Sidiria ishikilie titi bila kulibana. Ukiona kidoa cheupe kwenye ncha ya chuchu, usikitoboe kwa sindano hata kama kinakutia hasira. Kinaweza kuwa dalili ya uvimbe wa ndani, na kidonda utakachokifungua kitakuwa mlango wa bakteria. Kikiuma sana, daktari anaweza kukupa krimu ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kupaka, unayoifuta kabla ya kunyonyesha.

Homa peke yake haithibitishi kwamba bakteria wameingia, kwani uvimbe wenyewe unaweza kuleta homa na baridi ya mwili. Lakini hesabu saa. Ukishapoza, ukanywa dawa ya maumivu na kuacha kufinya, kisha saa 24 zikapita bila nafuu, nenda hospitali. Nenda mapema zaidi kama hali inazidi kuharibika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, au umelegea kiasi cha kushindwa kusimama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Gusa titi kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe joto lake na la mwenzake.

Bakteria anayehusika mara nyingi ni Staphylococcus aureus, na aina zake nyingi huivunja antibayotiki ya amoksilini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana vidonge vilivyobaki kabatini havikusaidii. Daktari huanza kwa kawaida na flukloksasilini, kloksasilini au sefaleksini, miligramu 500 mara 4 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mwambie kama una mzio wa penisilini. Anza dozi, imalize, na endelea kunyonyesha. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya. Mtoto njiti muulizie daktari wake. Mama anayeishi na VVU awasiliane na kliniki yake siku ileile, kwa kuwa titi lililovimba huweza kupitisha virusi vingi zaidi kwenye maziwa. Wakati huo amnyonyeshe mtoto upande mzima, na titi bovu alikamue mpaka lipone.

Saa 48 za antibayotiki zikipita bila mabadiliko, rudi. Omba maziwa yapimwe maabara, na kama kuna sehemu inayobonyea kana kwamba ndani kuna maji, omba ultrasaundi, maana huenda usaha umeshakusanyika. Jipu la titi hunyonywa kwa sindano au huwekewa mrija mdogo, na mtoto anaweza kuendelea kunyonya titi hilohilo ikiwa mdomo wake haugusi kidonda. Kuachisha ghafla hapo hulijaza titi na kuuchochea uvimbe upya.

Bonge lisilouma linaloendelea kubaki baada ya homa kwisha linahitaji ultrasaundi pia. Na wekundu usioondoka baada ya dozi kamili, hasa ngozi ikiwa nene yenye vitundu kama ganda la chungwa, mwonyeshe daktari bila kuchelewa. Saratani moja ya titi huanza kwa sura hiyohiyo, na kunyonyesha si hakikisho kwamba mtu hataipata.