Kabla hujaibadili injini ya IST yako, itazame miguu kwanza

Vijana wengi wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, wameniuliza niliweka injini gani kwenye Toyota IST yangu, maana wananiona napandisha milima ya Manyovu nikiwa na mzigo na AC imewashwa. Jibu fupi ni 1NZ, injini ya Toyota ya lita 1.5. Lakini jibu hilo peke yake linaweza kumtia mtu hasara, na mimi nusura linitie msibani, kwa hiyo nieleze yote.

Gari langu ni ile IST ya lita 1.3, yenye namba ya modeli NCP60, ambayo kiwandani hutoka na injini ya 2NZ. Linafanya kazi kila siku: asubuhi kupeleka watoto shule, mchana mihangaiko ya mjini, na mara mbili tatu kwa mwezi Manyovu au Kasulu kufuata mzigo. Kwa mjini 2NZ haina neno. Tatizo ni kwetu kwenyewe kulivyo. Ziwa liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, na ukikata Mwandiga kuelekea Manyovu, kilomita kama 60 hivi, unaanza kuitafuta milima ya Buhigwe. Injini ya cc 1,298 ikibeba watu wanne na magunia, unaikanyaga mpaka chini na bado unapitwa na Noah iliyojaa abiria.

Yangu haikufa kwa uzee. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo kidogo, nami kila asubuhi naongeza maji ya bomba, nikiamini nitaitengeneza mwisho wa mwezi. Siku moja ikachemsha mlimani, nikaisukuma kilomita mbili zaidi kutafuta kivuli, na kilomita mbili hizo ndizo zilizopindisha silinda hedi. Fundi alipofungua alikuta na ringi za pistoni zimekwisha. Akaniambia hedi inachongeka, ila kwa injini inayokula oili namna ile ni kutupa hela.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Mmoja akataka niweke 1ZZ ya cc 1,800. Mwingine akashikilia injini ya 3S, akidai anamjua mtu aliyeifunga kwenye gari dogo na sasa anawapita wote. Kuna aliyeniletea picha za injini ya turbo ya Starlet GT, nguvu za farasi 135 kutoka cc 1,331, na nakiri nililala nikiiwaza. Fundi wangu, mzee ambaye amefungua injini tangu mimi niko shule ya msingi, hakubishana na mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Neema, ikikufia Kibondo saa mbili usiku, nani wa huko anaijua?"

Kwa swali hilo nilifuta zote tatu. Sisi wa Kigoma tupo mwisho wa reli. Spea isiyopatikana Mwanga inaagizwa Dar es Salaam, na gari linakaa juu ya mawe likiisubiri. Injini ya ajabu ni raha kwa mtu wa Ilala ambaye akikosa sensa anatembea dakika kumi kwenda kuinunua. Kwetu, injini nzuri ni ile ambayo plagi zake, koili zake na pampu yake ya maji zipo kwenye duka la kawaida, na fundi wa njiani ameshaifungua mara ishirini. 1NZ imo kwenye IST za 1.5, Probox, Raum, Spacio, Fielder, RunX, Allex, Platz na Vitz RS. Ukisimama saa moja pale stendi, utahesabu 1NZ mpaka uchoke.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya chuma chenyewe. 1NZ na 2NZ ni ndugu wa tumbo moja. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 75. Tofauti ni safari ya pistoni: kwenye 2NZ ni milimita 73.5, kwenye 1NZ ni 84.7. Ndiyo maana moja ni cc 1,298 na nyingine cc 1,496, na nguvu zikapanda kutoka farasi 87 hadi 109. Mauntini, yaani vishikio vya injini, zinakaa mahali pake, hakuna kuchomelea wala kukata chesisi. Zote bloku zake ni za aluminiamu, kwa hiyo pua ya gari haiongezeki uzito. 3S ina bloku ya chuma cha kutupwa, nzito. Ukiifunga kwenye gari la saizi hii, usukani, springi za mbele na breki vyote vinaanza kulia. Kwa mwenye Vitz ya cc 997, ile yenye 1SZ, nakusihi usidhani habari hii ni yako pia. SZ ni ukoo mwingine, na kuhamia NZ kunagusa mauntini, gia boksi na waya zote. Hela hiyo, ukichanganya na bei ya Vitz yako, inakupa gari lenye 1NZ tayari.

Tuje kwenye kununua. Injini za mtumba nyingi ziko Dar, Ilala na Gerezani, na ukiwa Kigoma hutaweza kuirudisha ikiwa mbovu. Usinunue kwa picha ya WhatsApp. Nilimlipa fundi aliyeko huko akaenda mwenyewe, na nilimpa kazi tatu. Afungue kifuniko cha oili aangalie ndani: chuma chenye rangi ya asali ni injini iliyobadilishwa oili kwa wakati, chenye matope meusi aachane nacho. Apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Namba kubwa haikunivutia sana, nilichotaka ni zikaribiane. Silinda moja ikizidiwa na wenzake kwa zaidi ya psi 15 hivi, hapo pana ugonjwa. Na kama inawashika, aisikilize sekunde za kwanza ikiwa ya baridi, maana cheni ya taiming iliyolegea hugonga hapo kabla oili haijapanda.

Nunua injini pamoja na gia boksi yake, waya zake na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Duka litakushawishi uchukue injini tupu kwa bei ndogo, usikubali. Halafu angalia mdomo wa hewa: kuna 1NZ ambazo pedali huuvuta kwa waya, na kuna ambazo pedali hutuma umeme tu na mota ndiyo inafungua. Ukichukua isiyofanana na pedali yako, utalipa fundi umeme siku nne na taa ya injini itawaka mwaka mzima. Oili ya gia boksi usikisie kwa rangi. Soma kilichoandikwa kwenye kijiti chake, uweke hiyo hiyo.

Injini yangu ilifika kwa lori, ikafungwa siku tatu. Jambo moja niligombana na gereji iliyoifunga (jina silitaji): walitoa thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, wakaitupa, wakasema huku kwetu joto, maji yazunguke muda wote. Hapana. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kontrol boksi inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli. Nilinunua nyingine, nikaweka rejeta mpya na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea, badala ya maji ya bomba. Tangu hapo mshale wa joto hausogei, hata mlimani. Na filta ya hewa ni ile ile ya boksi la kiwandani. Zile za koni zilizo wazi vijana wanazipenda kwa mlio, lakini vumbi jekundu la Kigoma linaingia moja kwa moja, tena na hewa ya moto ya juu ya injini.

Sasa kosa langu. Hela yote niliimalizia kwenye injini. Shokapu zilikuwa zile zile za zamani, mbili za nyuma zinatokwa na mafuta, tairi zimebaki na kashata kidogo. Nikajiambia miguu itasubiri. Wiki ya tatu natoka Manyovu na madumu sita ya mawese nyuma, mvua imenyesha ikakatika. Gari lina nguvu mpya, nateremka bila kuona kasi. Kwenye kona ya kushoto nikakuta kijana anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, amebeba mingi hadi yeye haonekani. Nilikanyaga breki. Pua ikazama, nyuma ikanyanyuka na kuanza kuogelea kwenda kulia, madumu yakagonga ubavu. Nilimpita kwa upana wa kiganja. Nilisimama mbele nikashuka, miguu inatetemeka, na kijana yule akaja kunipa pole mimi.

Gari lilipaki siku kumi na moja mpaka nilipopata hela. Hiki ndicho nilichofanya, na ndicho ningekifanya kabla ya injini. Shokapu zote nne mpya, za vipimo vya kiwandani. Kama huwezi nne, badili mbili za ekseli moja, kamwe isiwe moja. Bushi za mikono ya chini, boljointi, na stabilaiza linki. Springi za kushusha gari sikuzigusa: kwa matuta yetu na mashimo ya barabara za mitaa, ukishusha sentimita tatu tu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inakuwa ya kwanza kufika. Breki padi mpya, mafuta ya breki yakatolewa yote, maana yalikuwa na rangi ya chai. Na siku hizi mteremko nateremka na gia ya 2, breki nazigusa tu.

Tairi ndizo zilizobadilisha gari kuliko kitu chochote. Nilitoka 175/65R14 nikaenda 185/60R14. Upana unaongezeka sentimita moja, na kimo cha tairi zima kinapungua kama milimita 5 tu, kwa hiyo spidomita haibadiliki cha kuonekana na tairi haigusi ukingo. Rimu za 16 zinapendeza, lakini ubavu wa tairi unakuwa mwembamba na shimo moja linapinda rimu. Kabla hujalipa, soma ubavuni zile tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kuuziwa "mpya" zenye miaka saba, mpira umekauka, na kwenye maji zinateleza kama sabuni.

Mwisho peleka alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu, kila ukigusa shokapu za mbele au tairodi. Nyuma ya IST ni ekseli moja isiyo na pa kurekebisha. Wakikupimia wakakuta nyuma imepinda, jua gari liliwahi kugongwa, na dawa si kulazimisha mbele ifuate.

Kuhusu kadi: namba ya injini na cc vimeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo vikibadilika peleka taarifa TRA, ukiwa na risiti ya injini na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, halafu mwambie na mtu wa bima. Dai risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa, si "injini moja" tu. Bila karatasi hiyo, siku ya kuuza au siku ya ajali utaulizwa injini umeitoa wapi.

Kwangu zimebaki bushi za ekseli ya nyuma. Zilifika juzi kwa basi, na mzee ameniambia nimpelekee gari Jumamosi mapema kabla jua halijawa kali.