Barabara ilipokatika Somanga ndo nikajua sembe yangu inatoka wapi

Mi nina kaduka ka vyakula hapa Mtwara mjini, sembe, mchele, maharage, sukari, vitu vya kawaida tu. Miaka yote mzigo nilikuwa naagiza Dar kwa mtu mmoja huyohuyo, Jumatatu napiga simu natuma hela, Jumatano mzigo huu hapa. Sikuwahi kujiuliza kitu.

Sasa tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya kusini, na ardhi ilikuwa ishalowa na mvua za miezi mingi, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa maeneo ya Somanga, malori yamepanga foleni huku na huku. Mzigo wangu uko kwenye fuso upande wa pili na hela nishatuma. Nampigia bosi wa Dar ananiambia mzigo ukishatoka stoo kwake ni wa kwangu, baada ya hapo simu hapokei. Siku ya tatu sembe imeisha dukani, jirani kapandisha bei, mi hata cha kupandisha sina.

Dereva mmoja alikuwa anakunywa chai kibarazani akacheka akaniambia, "Mama, hayo mahindi unayolilia si ndo ya Songea yanapanda mpaka Dar kusagwa halafu yanashuka tena kwako? Songea si hapo tu!" Nilinyamaza. Kweli bwana, Masasi, Tunduru, unaingia Songea, lami. Mzigo wa Dar ukitaka kuja kwa njia hiyo lazima uzunguke Morogoro, Iringa na Njombe, zaidi ya kilomita 1,500, lakini mahindi yenyewe yako nusu ya safari, na sisi mashine za kusaga tunazo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye duka au mama lishe, au hata mkuu wa shule anayelisha watoto: kila chakula unachotegemea uliza kimelimwa wapi na kinapita barabara gani. Vyote vikipita daraja moja, stoo kujaa wiki hii haikusaidii. Mi sa hivi nina mtu Dar na mtu Songea, na yule wa Songea namuagizia kila mwezi hata kama bei imezidi kidogo, maana mtu unayemkumbuka siku ya shida tu na yeye atakukumbuka akishamaliza wateja wake. Na hela sitoi yote mbele tena, nusu nusu, nyingine mzigo ukifika.

La pili akiba, na hapa watu wengi wanaharibu. Mahindi hayajakauka unayafungia, baadaye unalisha watu sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Hatuna kipimo lakini njia ipo: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, chumvi ikigandia kwenye chupa rudisha juani. Yakikauka tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, kila moja kamua hewa uifunge peke yake, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa, hata dumuzi yule wanayemwita Scania. Ila panya akitoboa umekwisha, na usiwe unafungua kila siku kuchota vibaba viwili, gunia la kula liwe pembeni.

Halafu jamani tusijidanganye kwamba sembe ikiisha ndo njaa. Siku zile nyumbani kwangu tulikula bada, yaani ugali wa makopa (muhogo mkavu), kutoka kwa bibi wa jirani, muhogo wake mwenyewe, haukuvuka mto wowote. Wanangu walinuna siku ya kwanza, siku ya pili wakaomba kuongezwa. Sasa hivi makopa nauza dukani, mwanzo watu walinicheka eti chakula cha shamba.

Sukari ndo bado inanisumbua. Mwanzoni mwa mwaka huohuo ilishaadimika nchi nzima mvua zilipovuruga viwanda, na mi yangu yote inapita barabara ileile ya Somanga. Nimebaki kuweka mifuko kadhaa ya ziada kabla masika hayajaanza, hela inalala pale lakini nifanyeje. Kama kuna mdau wa huku kusini amepata njia nyingine aniambie.